Mkanda Uliopimwa Jino Moja

Ndugu zangu, wake kwa waume, nyinyi mliooa na mlioolewa, na nyinyi majirani mnaosikia vishindo vya upande wa pili mkaongeza sauti ya redio, hebu nipeni masikio yenu. Nina hadithi ya nyumba moja. Inaanza kwa kicheko, lakini ina damu ndani yake, na damu hiyo sitaipunguza ili mtu alale vizuri.

Asubuhi hiyo hali ilikuwa shwari. Nyuma ya nyumba yenye geti la bati palikuwa na karakana ya kutengeneza maboksi, na mashine ilikuwa ikivuma vizuri. Mwenye karakana alikuwa ametoka kwenda kuonana na mteja. Mtaa mzima ulimwita Fundi Jicho, kwa sababu alizoea kupima vitu kwa kuvitazama tu, kisha akatoa jibu kama hakimu. Karakanani walibaki wanawake wawili, mke wake na dada yake, ambao waliitana wifi na walipendana kuliko mawifi wengi ninaowajua mimi. Mama mzazi wa Jicho aliketi kwenye mlango wa jikoni unaotazamana na karakana, akikunja nguo zilizokauka na kuwasikiliza.

"Wifi, hilo boksi umelikunja au umelikalia?" dada mtu aliuliza akiwa kwenye mashine.

"Nimelikalia kidogo tu," mke wa Jicho akajibu. "Na huo uso wako nani aliukalia, mbona umeamka na mikunjo?"

Yule bibi mlangoni, mama yake Jicho, alicheka mpaka shuka likamponyoka mikononi. Basi hivyo ndivyo walivyoishi mwenye nyumba asipokuwepo. Akirudi, vicheko vilijikata vyenyewe.

Sasa niwaeleze ile mashine, maana asiyeielewa hataelewa kilichotokea. Rola mbili zinasukuma bamba la karatasi ngumu. Rola zikiwa zinazunguka, kisu kiko juu, na mwenye kazi anatia mkono kutoa vipande vilivyokwisha kukatwa. Rola zikisimama, mkono unatakiwa uwe nje, kwa sababu hapo kisu kinashuka. Kinachofanya rola na kisu vielewane ni mkanda mmoja wa meno, yaani mkanda wa mpira wenye vijino upande wa ndani, vinavyoingia katika mapengo ya puli, magurudumu yanayouzungusha, kama zipu inavyofunga. Mkanda wa kawaida unaweza kuteleza kidogo, na hakuna atakayejua. Mkanda wa meno hauruhusiwi kuteleza hata jino moja. Dada yake Jicho alikuwa ameizoea mashine ile kiasi kwamba hakuwa akikitazama kisu kabisa. Alisikiliza rola, na mkono wake ulikwenda na kurudi bila kufikiri.

Na mke wa Jicho naye alikuwa na ujuzi wake. Alikulia katika duka la vipuri la baba yake, ambamo mikanda ilining'inia ukutani kutoka dari mpaka sakafu. Akiwa mtoto alijifunza kwamba mikanda miwili inaweza kufanana kama mapacha na bado isiwe sawa, kwa kuwa mmoja meno yake yamepangwa kwa inchi na mwingine kwa milimita. Ukipima kutoka jino moja hadi la pili, tofauti hiyo ni ndogo kuliko unene wa kucha, na futi haiwezi kukuonyesha. Unatakiwa upime kuanzia katikati ya jino moja, uruke nafasi kumi, uishie katikati ya jino jingine, kisha ugawanye kwa kumi. Halafu unahesabu meno yote, mkanda mzima. Halafu unapima upana. Urefu hauna haja ya kuupima kwa kuuvutavuta, kwani meno yenyewe yanakuambia. Mambo hayo aliyajua kama anavyojua njia ya kwao.

Siku hiyohiyo mkanda ulikatika. Ulikuwa umezeeka na baadhi ya vijino vilikuwa vimeng'oka, hivyo hakuna aliyeshangaa. Jicho aliporudi alikuta mashine kimya, akasonya, akauokota mkanda, akaulaza mezani na kuunyoosha. Aliweka futi juu ya jino moja tu na la jirani yake.

"Milimita kumi," alisema.

"Fundi," mke wake akasema, maana hata yeye alimwita hivyo, "ngoja tupime nafasi kumi kwa pamoja. Mashine hii ni ya zamani, nadhani mkanda wake ni wa inchi. Huenda ni tisa na nusu."

"Nimesema kumi."

"Nakuelewa. Lakini tukihesabu meno yote tutaona kama..."

Hakuimaliza sentensi. Kofi lilimpata sikioni, akayumba, akagonga meza kwa nyonga, na futi ikaanguka. Dada mtu aliinama haraka kuokota vipande vya karatasi ambavyo havikuhitaji kuokotwa. Mama mtu alisimama mlangoni, akatazama, kisha akaingia jikoni.

"Mwanamke anifundishe kazi mbele ya dada yangu," Jicho alisema, akahema. "Duka la baba yako lilikufa zamani. Hapa ni kwangu."

Lile halikuwa kofi la kwanza. Mkono wa Jicho ulikuwa umeshampasua mke huyu mdomo, ulishamng'oa nywele, ulishamsukuma kwenye jiko la moto. Na sababu haikuwa pombe, wala umaskini, wala mwanamke mwingine, maana nawajua mnavyopenda kuwatafutia watu visingizio. Sababu yake ilikuwa moja. Mtu huyu hakuweza kuvumilia kuambiwa amekosea. Ukimwambia, damu inamchemka, macho yanamtoka, na ngumi inatangulia kabla ya neno.

Akaenda kununua mkanda. Muuzaji alimuuliza meno mangapi, yeye akamwambia nipe wenye nafasi ya milimita kumi na urefu kama huu, unanichelewesha. Alipouleta nyumbani, mkanda haukutaka kuingia. Aliuchokoa kwa bisibisi, akaulazimisha juu ya puli, akakaza mpaka mota ikasogea kwenye vyuma vyake. Mke wake alikuwa ameshika taa. Aliona kwamba meno mawili matatu yalikuwa yamezama, na yaliyofuata yalikuwa yameanza kukaa juu juu ya puli, kama mtu aliyevaa kiatu cha mwenzake. Sikio bado lilikuwa likimvuma. Akasema kwa sauti ya chini kabisa:

"Hayajazama yote, Fundi."

"Ukikimbia utazoea," Jicho akajibu bila kumtazama. Na mashine ilipowashwa bila karatasi, kweli ilizunguka. "Unaona?"

Ilizunguka, ndiyo. Lakini mlio wake ulibadilika. Ule mvumo mmoja laini ulikuwa umekwisha, na sasa ilisikika kama inatafuna mchanga. Kesho yake chini ya puli kulikuwa na unga mweusi wa mpira. Mke wa Jicho aliugusa kwa kidole, akausugua kati ya vidole viwili. Mkanda ulikuwa unaliwa. Ukiliwa vya kutosha utapanda na kuruka jino, rola zitakwenda zao na kisu kitakwenda chake, na mkono utakaokuwa ndani wakati huo ni wa wifi yake.

Alimfuata mama mkwe jikoni.

"Mama, ule mkanda si wake. Mwambie wewe, wewe atakusikiliza. Wifi ataumia."

Bibi aliendelea kusugua sufuria ambayo ilikuwa imeshatakata. "Wewe unamjua mwenzako," alisema. "Nikimwambia nimelitoa wapi neno hilo? Atajua limetoka kwako. Nyamaza, mwanangu, kesho atakuwa amepoa, atauona mwenyewe."

Kesho yake hakupoa. Mteja alikuwa akiyasubiri maboksi, na Jicho alisimama nyuma ya dada yake akimharakisha, "Kaza mwendo, kaza mwendo." Mke wake alikuwa kwenye meza ya kukunja. Alisikia mkanda ukigonga mara moja, tak, ukarudi. Akapiga moyo konde, akaenda ukutani, akazima swichi.

Karakana ikawa kimya.

"Nani kazima?" Jicho akauliza, ingawa alikuwa amemwona.

"Mimi. Nipige ukitaka, lakini wifi asiweke mkono humo mpaka mkanda ubadilishwe."

Wapo watakaosema angetumia maneno laini. Wakajaribu wao. Jicho alimshika shingo, akamgonga ukutani palepale penye swichi, mara ya kwanza na mara ya pili. Alipoanguka alimpiga mateke ya mbavu. Alipoinua mkono kujikinga kichwa, Jicho aliukanyaga kwa buti, na mfupa wa kiganja ukalia. Dada yake alimng'ang'ania shati akilia, "Kaka, basi, kaka utamuua," naye akasukumwa akaangukia rundo la maboksi. Jicho hakuacha kwa huruma. Aliacha alipochoka.

Jirani wa ukuta wa pili alikuja getini kuuliza kuna nini. Aliyetoka kumjibu ni bibi.

"Mkwe wangu ameanguka kwenye ngazi," alisema.

Nyumba ile, ndugu zangu, haina ngazi hata moja. Imelala chini mwanzo mpaka mwisho. Jirani alijua, kwa sababu paa lake waliliezeka pamoja na Jicho. Akasema, "Mpeni pole," akarudi kwake.

Mkono wa mke ulivimba, wakaufunga kwa kitambaa kilichochanwa kutoka kwenye shuka. Asubuhi iliyofuata Jicho alimtaka karakanani, akunje kwa mkono uliobaki. Akaenda. Mbavu zilimchoma kila alipovuta pumzi. Wifi yake alimtazama kwa macho mekundu, akatamka "pole" kwa midomo bila sauti, akawasha mashine.

Hapa nataka msikilize vizuri, maana hapa ndipo penye hadithi. Kutoka pale alipokuwa amesimama, mke wa Jicho aliuona mkanda. Aliona ukingo wake umeanza kuchanika nyuzi. Aliona ukipanda juu ya puli, ukishuka, ukipanda tena, na kila safari ulipanda zaidi. Alijua kinachokuja. Mwili wake wote ulijua. Akafungua mdomo.

Jicho akageuza uso, akamtazama.

Mdomo ukafungika. Hakuamua kuufunga. Ulijifunga wenyewe, kama jicho la mtu linavyojifunga mdudu akilikaribia. Alijiambia nitasema mzunguko huu ukipita. Ukapita. Akajiambia ujao. Mkono wa wifi ukaingia, ukatoka. Ukaingia, ukatoka. Ukaingia, na mkanda ukaruka.

Rola zilikuwa bado zinazunguka kisu kiliposhuka.

Mwanzoni hakukuwa na kelele ya mtu. Kulikuwa na kishindo kama cha shoka kwenye gogo bichi, kisha kisu kikapanda kikiwa chekundu, na maboksi ya mbele yakarushiwa damu mpaka kwenye maandishi. Dada yake Jicho aliurudisha mkono wake, akautazama. Vidole vinne vilikuwa vimebaki upande wa pili, juu ya karatasi, na karatasi ilikuwa inaendelea kwenda. Ndipo akapiga ukunga.

Mke wa Jicho ndiye aliyefika kwanza. Alizima swichi kwa bega, akamkalisha wifi yake chini, akauinua mkono ule juu na kuubana kwa kitambaa cha mkono wake mwenyewe. Damu ilipita kati ya vidole vyake. "Nitazame mimi, wifi," alisema. "Usiangalie huko. Nitazame mimi."

Jicho alikuwa amesimama mbele ya mkanda. Ulikuwa umekatika na kujikunja kwenye puli, na nusu ya meno yake yalikuwa yamelika kabisa. Aliutazama muda mrefu kidogo. Kisha akageuka, na mnajua alisema nini?

"Wewe ulikuwa umesimama hapa," alimwambia mke wake. "Ulikuwa unauona. Kwa nini hukusema?"

Akaokota spana kubwa kwenye meza.

"Kwa nini hukusema?" alirudia, na spana ikashuka. Ilimpata begani. Mke hakuuachia mkono wa wifi yake. Spana ikapanda tena, na safari hii mama mtu alikuwa ametoka jikoni mbio, miguu mitupu, akajitupa katikati. Ikampata yeye. Ilimchana kichwa juu ya sikio, akaenda chini bila neno, na shuka alilokuwa amelishika likamfunika.

Hata hapo Jicho aliinua mkono mara ya tatu. Kilichomzuia ni yule jirani. Aliruka ukuta, yeye na wanawe wawili wakubwa, wakamwangusha, wakamkalia mgongoni mpaka askari walipofika. Alikuwa akipiga kelele kwamba watu wote wa nyumba hii ni maadui zake.

Hospitalini wanawake wale watatu waliwekwa chumba kimoja, vitanda vikifuatana. Daktari alikuja na askari wa kike, akawauliza mmoja mmoja wameumiaje. Alianza na bibi, aliyefungwa kichwa chote kwa bandeji. Bibi alifungua mdomo, na wale wengine wawili wakajua atasema nini, maana walikuwa wamemsikia akisema miaka yote.

"Nimepigwa," bibi alisema. "Nimepigwa na mwanangu wa kumzaa. Huyu mkwe wangu pia kapigwa naye, jana na leo, na miaka yote. Andika. Mimi nimeona kwa macho yangu, na nilikuwa nikisema anaanguka."

Askari aliandika, akachukua na maneno ya wale wawili, wakatoka.  Kisha dada yake Jicho, ambaye mkono wake ulikuwa umefungwa ukawa mviringo usio na vidole, akageuza kichwa kwenye mto.

"Wifi," alisema. "Ulijua utaruka leo?"

Mke wa Jicho alihisi afadhali apigwe tena spana kuliko swali hilo. Angeweza kusema hapana. Akasema:

"Nilijua. Nilifungua mdomo, akanitazama, nikaufunga. Nisamehe, wifi. Vidole vyako nilikuwa naviona."

Dada mtu alilia bila kufuta machozi. Kisha akasema, "Na mimi ule unga mweusi nilikuwa naufagia kila asubuhi. Niliufagia mapema ili kaka asiuone akadhani tunamsema. Niliogopa kumwambia. Mkono ni wangu mwenyewe, na bado niliogopa."

Na kutoka kitanda cha tatu bibi akasema, "Mlio wake mimi niliusikia nikiwa jikoni tangu siku ya kwanza. Nilimlea mimi nikimwogopa."

Walikuwa watatu, na wote walijua. Nyumba nzima ilijua isipokuwa mtu mmoja, naye ndiye aliyekuwa na ngumi.

Jicho alifungwa. Karakana imefungwa, na hakuna aliyeifungua tena. Mke hakurudi kuwa mke. Anaishi na wifi yake na bibi, na wifi anajifunza kuvaa, kula na kuandika kwa mkono wa kushoto, kazi inayomtoa machozi mpaka leo. Kuna siku anamtania wifi yake kama zamani. Kuna siku nyingine anautazama ule mkono, anatoka nje, na hataki kusemeshwa, naye mke wa Jicho anamwacha, kwa sababu anajua deni lile halina maneno ya kulilipa. Bega lake mwenyewe halikunyooka vizuri.

Funzo la Hadithi Hii

Ndugu zangu, wengi mtasema tatizo lilikuwa mkanda. Mkanda wenye nafasi isiyo yake unabadilishwa kwa asubuhi moja. Mtu anapima upya, anahesabu meno, anarudi dukani, kazi inaendelea. Kila fundi hukosea kipimo. Kilichokata vidole vya yule dada ni kwamba mtu mwenye kipimo sahihi alikuwa amekwisha kupigwa mpaka mdomo wake ukaacha kumtii.

Ewe mwenye mkono mwepesi, uwe mume au mke, mzazi au bosi, ujue hili. Unapompiga anayekuambia umekosea, kosa lako linabaki palepale, ila hutalisikia tena. Watakuitikia, watafagia ule unga mweusi kabla hujaamka, na siku litakapotokea utasimama katikati ya damu ukiuliza kwa nini hawakusema. Walisema. Uliwapiga.

Na nyinyi mnaoambiwa kuna mtu kaanguka kwenye ngazi za nyumba isiyo na ngazi, msiseme "mpeni pole" mkarudi kwenu. Ingieni. Yule jirani aliruka ukuta siku ile na akamwokoa mke wa Jicho, nampa heshima yake. Lakini ukuta ule ulikuwa na urefu uleule siku iliyotangulia, na dada yule alikuwa bado na vidole vyake.